Guupande wa Kilima cha Cobb

Dorcas aliteguka nyonga kwenye njia ya magogo, ile iliyomwagiwa maji jioni ili yagande na kuwa kioo. Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ilitengenezwa ili magari ya kuteleza, yaliyopakiwa magogo marefu kuliko nyumba, yashuke mpaka mtoni bila kuwaua farasi. Lakini ng'ambo ya njia zilikuwa zimedondoka nyasi kavu za farasi, na Dorcas alipoziona akaamua kuvuka. Miguu ya kulia ikaenda zake, ya kushoto nayo ikaenda zake.

Waliokuwepo walisema alikaa chini taratibu kama bibi harusi aliyechoka kupigiwa vigelegele. Orpha naye alimwona, kupitia dirisha la jiko, mikono ikiwa na unga mpaka viwikoni, na hakucheka.

Orpha Whitcomb alikuwa na miaka ishirini na kidogo, msichana asiye na maneno mengi, mwenye macho ya kutua juu ya jambo na kukaa hapo mpaka jambo lenyewe lichoke. Alimsaidia mjomba wake Enos kupikia kambi ile ya wakata miti, juu kabisa kwenye milima ya Vermont. Alikuja majira ya kupukutika majani, akitembea nyuma ya Dorcas, na penye mwinuko mkali alimshika mkia akavutwa. Ng'ombe alikuwa wa kambi, wa kutoa maziwa ya uji na ya kahawa. Ila Bosi Hollis Tewksbury alikuwa amemwambia kwa mdomo wake mwenyewe, "Kambi ikivunjwa mwezi wa nne, huyo chukua. Mimi kumshusha tena siwezi, nilimpandisha nikakoma."

Basi tangu siku hiyo Orpha alikuwa na ng'ombe. Chini bondeni ilikuwepo nyumba ya marehemu mama yake, paa zima, jiko zima, ila hakuna chenye pumzi ndani yake. Kila alipokanda unga alikuwa akipanga: Dorcas atakaa upande wa kibanda cha kuni, ndama wake, ambaye tayari alikuwa tumboni, atakaa karibu na mlango. Siagi itafuata. Jibini, pengine, mwaka wa pili. Alikuwa ameshapanga mpaka mahali pa kutundika ndoo.

Wiki kadhaa baada ya kuanguka, uvimbe ulikuwa umekwisha na maumivu yalionekana kwisha, lakini mguu wa kushoto wa nyuma ulibaki juu, mfupi, umekataa kurudi. Dorcas akitembea penye tambarare alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona mwingine. Akifika mlangoni mwa banda alikuwa ameshayumba mara tatu na kugonga ukuta mara moja.

Bosi alikuja kumtazama siku ya Ijumaa, mikono mifukoni. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo pagumu penyewe.

"Mwezi wa nne huyu hafiki bondeni, binti."

"Anaendelea vizuri, Bosi. Anakula."

"Yeye anakula, sawa. Na sisi je? Theluji imeziba njia, mizigo haipandi. Wanaume wangu wamekula maharage mpaka wakipiga chafya nasikia maharage." Akampapasa Dorcas mgongoni, kwa upole kabisa. "Jumapili, tukishamaliza chakula cha mchana, tutamchinja. Watu wapate nyama isiyo ya chumvi, wakumbuke kwamba wana meno."

"Ulisema ni wangu."

"Nilisema nikijua anatembea. Asiyetembea ni nyama. Samahani, binti, sikuutunga ulimwengu mimi."

Habari ilienea kabla ya chakula cha jioni. Mezani hakuna aliyesema neno, kwa sababu mezani pa kambi hakusemwi. Ni sheria ya wapishi wote wa milimani, na Mjomba Enos aliisimamia kwa mwiko mkononi. Mtu anakaa, anakula, anaondoka, na akitaka chumvi anainyooshea kidole. Lakini furaha haihitaji mdomo. Orpha aliwaona wanavyoyatafuna maharage yale polepole, kwa huruma, kama wanamuaga jirani anayehama.

Vyombo vilipokwisha kuoshwa akamwambia mjomba wake, "Mjomba, nisemee kwa bosi."

"Nimwambie nini?" Enos alikuwa akisugua sufuria kubwa, ile ya nyama, ambayo haikuguswa tangu theluji ya kwanza. "Mimi mwenyewe jana nimeota mafuta yake yanalia kwenye moto. Nimeamka nimelowa mate."

"Ana ndama tumboni."

"Orpha, mwanangu. Unamwendea mpishi kumwombea ng'ombe? Ungekwenda hata kwa farasi."

Hakulia. Si kwamba hakutaka, ila unga wa mkate wa kesho ulikuwa unasubiri.

Jumamosi njia ya kisimani ilikuwa imezibwa na magogo, kwa hiyo akampitisha Dorcas nyuma ya banda, kwenye ubavu wa Kilima cha Cobb, kilima kidogo cha mviringo kama mkate uliogeuzwa, kilichokwisha kukatwa miti yote. Alimshika kamba akijiandaa kumwona akianguka. Dorcas hakuanguka. Kilima kilikuwa kushoto, mguu mfupi ukawa upande wa juu, ile mirefu upande wa chini, na ng'ombe akatembea amenyooka, kichwa juu, kama mama mcha Mungu anayekwenda kukaa benchi la mbele kanisani. Orpha akamgeuza arudi. Hapo hapo akayumba, akapiga magoti, nusura aviringike mpaka jikoni. Akamgeuza tena kwa shida, kilima kushoto. Amenyooka.

Orpha alisimama pale, theluji imefika magotini, akamtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaenda kukaanga donati za Jumapili.

Sasa, Jumapili kambini hakuna kazi. Watu wanachemsha nguo ili wafe chawa, wanashona soksi, wananoa mashoka, na wanasimulia wanyama. Wanyama wenyewe si wale wa kupigwa risasi. Ni wale wanaoishi ndani ya misitu hii na hawajawahi kuonekana na mtu mwenye akili timamu. Yuko Mbwa-Mpini, anayekula mipini ya mashoka na kuacha chuma. Yuko Jifiche-Nyuma, ambaye kila ukigeuka yuko nyuma yako, ndiyo maana hakuna ajuaye sura yake. Yuko Nyoka-Pete, anayejiuma mkia akabingirika kama gurudumu. Yuko pia yule mnyonge wa misitu ya kusini, mbaya wa sura mpaka anajililia, na ukimkamata anayeyuka mkononi ukabaki na kiganja cha machozi.

Na wanyama hawa wana sheria moja. Mtu akishamtaja mnyama, hakuna ruhusa ya kumkanusha. Unaweza kumwongeza: kumpa mkia, kumpa mke, kusema ulimwona ukiwa Maine akiwa mkubwa zaidi. Lakini ukisema "huo uongo," umekwisha. Utafua soksi za bweni zima, na soksi za wakata miti mwezi wa pili si jambo la kuzungumzia watu wakila.

Katika kusimulia hakuna aliyemfikia Bosi Tewksbury. Na mnyama wake yeye, aliyemlea miaka mingi, alikuwa Guupande.

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, bosi alikaa karibu na jiko la bweni akisubiri maji ya kuchinjia yachemke. Kisu kilikuwa dirishani, kimenolewa. Juu ya vichwa vyao, kwenye kamba, soksi za kambi nzima zilikuwa zinakauka. Mbele yake alikaa Prosper, jitu moja kubwa la kutoka Kanada, lililofika kambini kabla tu njia haijaziba, na lililokuwa likiamini kila kitu.

"Guupande," bosi alikuwa akisema, "anaishi mteremkoni tu. Amezunguka vilima tangu enzi za babu zake, mpaka miguu ya upande mmoja ikafupika. Huyo hageuki. Akigeuka, miguu mirefu inakuja juu, anapinduka anafika bondeni akiwa supu."

"Na wakikutana wawili njiani?" aliuliza Prosper.

"Wanasimama. Wanaulizana hali. Yule mwenye adabu analala chini, mwenzake anapita juu yake."

"Mimi nilishuhudia," alisema Mzee Telesphore bila kuinua macho kwenye sindano yake. Alikuwa mkata miti wa zamani kuliko wote pale, mwembamba, ndevu zimeganda rangi ya tumbaku. "Wote wawili walikuwa na adabu. Wamelala mpaka leo."

Orpha aliingia na ndoo ya donati. Kwa kawaida mwanamke hakai bwenini, ila mwenye donati hafukuzwi haraka. Akazunguka akiwagawia, bila haraka, na alipofika kwa bosi akasimama.

"Bosi, samahani. Huyo Guupande, akiwa jike, ana pembe?"

Bosi alifurahi. Hakuna msimuliaji asiyependa swali zuri. "Anazo. Fupi."

"Zote sawa?"

"Zitakuwaje sawa, na maisha yake yote anajisugua kilimani? Ya upande wa mlima imepinda."

"Ya kushoto, basi."

"Kama ni Guupande wa kushoto, ni ya kushoto."

"Na rangi yake?"

"Kahawia. Rangi ya udongo. Ndiyo maana watu hawamwoni."

"Ana doa jeupe kwenye paji la uso?"

Hapo Mzee Telesphore akaacha kushona. Wengine wawili watatu nao wakaacha. Bosi hakuona kitu, alikuwa anatafuna donati na mnyama wake amenoga. "Doa? Lazima awe nalo. Kwenye ukungu wangeonanaje?"

"Maziwa yake yakoje, Bosi?"

"Maziwa ya Guupande," bosi akasema, akitulia kidogo ili ailete vizuri, "hukaa mshazari ndani ya ndoo."

Orpha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ya leo asubuhi yalimwagika upande mmoja. Nikailaumu ndoo." Akamwekea donati nyingine. "Bosi, mbona tunaye bandani?"

Maji juu ya jiko yalianza kuimba. Bosi Tewksbury alimtazama msichana yule, akakitazama kisu dirishani, halafu macho yakapanda yenyewe mpaka kwenye ile kamba ya soksi, nene, ndefu, zinazotoa mvuke, akazipitia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Neno moja tu lilihitajika kutoka kwake. Kila mtu alilijua, na kila mtu alikuwa amevua viatu tayari kumpa jozi yake.

"Nilikuwa," alisema bosi polepole, "nimeanza kushuku."

Pumzi zikashuka bweni zima. Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ila mguu uliofupika ni mmoja tu," alisema Prosper kwa wasiwasi. "Wa nyuma. Wa mbele mzima."

"Huanza nyuma," alisema Mzee Telesphore. "Wa mbele hufuata akishazaa."

Orpha alimtazama mzee yule kwa mshangao, maana aliyeitamani nyama kuliko wote pale ni yeye. Alikuwa ameshaomba tangu Ijumaa awekewe mkia. Lakini macho ya mzee yalikuwa yakiwaka. Nyama utakula ukaisahau. Uongo kama huu hauji kila mwaka.

Bosi akaegemea nyuma. Alikuwa amebanwa, na sasa tabasamu likaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, kwa sababu hata yeye alipenda kubanwa vizuri. "Basi mmebahatika, vijana," akasema. "Maana nyama ya Guupande ni tamu kuliko nyama zote za misitu hii."

Ilikuwa nyongeza halali kabisa. Hakuna aliyeweza kuikana. Kwenye vitanda vya juu mtu akameza mate kwa sauti.

"Tamu sana," Orpha akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akaisukuma. "Tatizo ni ule upande mfupi. Ukiula ule, nawe unafupika."

"Kaka yangu aliula," alisema Mzee Telesphore kwa huzuni. "Anazunguka mlima mmoja kule kwetu hadi leo. Mkewe anamwona akipita Jumamosi kwa Jumamosi. Anasimama dirishani na mkate, anampa akiwa anatembea."

"Maskini," alisema Prosper.

"Si haba. Wanaelewana vizuri kuliko zamani."

Bosi akainua kidole. "Basi tutakula upande mrefu tu."

"Mguu unarefuka," Orpha akajibu haraka. "Suruali zote za kambi zitakuwa fupi mguu mmoja. Na huu ni mwezi wa pili."

"Ndiyo hivyo?" Bosi alikuwa anafurahia sasa, na hilo lilimtisha Orpha kuliko hasira. Bosi akajipiga paja. "Kila mtu atakula vipande viwili. Kimoja cha upande mfupi wa kushoto, kimoja cha upande mrefu wa kulia. Mguu pande, mguu sawa. Tunatoka mezani tumenyooka kama misonobari."

Bweni likapasuka kicheko. Watu walipiga vitanda kwa viganja. Lilikuwa jibu zuri, jibu la bingwa, na Orpha alijua hivyo, kwa sababu hata yeye kidogo acheke. Bosi akainuka, akanyoosha mkono dirishani, akakichukua kisu.

Mjomba Enos alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuuliza maji yamechemka au la, na bakuli la chumvi lilikuwa kwapani mwake.

Orpha akamwona. Akakitazama kile kichwa chenye kofia ya jikoni, ule mdomo uliofungwa, na ndipo likamjia.

"Sawa, Bosi," akasema. "Vipande viwili kila mtu. Mimi ndiye nitakayegawa. Ila vikishapikwa vyote ni rangi moja. Mtu atajuaje kama nimempa cha kulia na cha kushoto, au vyote vya kushoto?"

"Atakuuliza."

"Mezani?"

Vichwa vyote vikageuka mlangoni.

"Enos," alisema bosi, "leo tu. Chakula kimoja. Watu waruhusiwe kuulizana."

Ilionekana wazi kinachopigana ndani ya Enos. Upande mmoja ilikuwa ile sufuria kubwa, imesuguliwa mpaka inaakisi sura, na yale mafuta ya ndotoni. Upande wa pili ilikuwa maisha yake yote: kambi baada ya kambi, wanaume wenye fujo na visu kiunoni, wanaoingia kwenye chumba chake na kukaa kimya kama wanafunzi kwa sababu yeye amesema.

"Mezani hakusemwi," alisema Enos.

"Enos, ndugu yangu."

"Nilimnyamazisha askofu mimi. Alikuja kubariki kambi, akataka kusali kwa sauti, nikamwonyesha mwiko. Leo nikawaachie hawa waanze, 'Orpha, hili paja la wapi, Orpha, mimi ninayumba'? Kesho watadai mziki."

"Basi anaweza kutuonyesha kidole," alisema mtu wa nyuma. "Kulia, kushoto."

"Kulia kwa nani?" aliuliza Mzee Telesphore. "Kwako au kwa ng'ombe?"

Hilo liliwatia watu mawazo ya kweli. Wawili walianza kubishana kuhusu ng'ombe aliyelala chali. Na katikati ya ubishi ule Prosper akasimama, kichwa kikigusa zile soksi, akavua kofia.

"Mimi nina mchumba," alisema kwa upole. "Kwao ni tambarare. Nitakula maharage."

Hakuna aliyecheka. Au tuseme kila mtu alicheka kwa ndani mpaka machozi yakamjaa, na usoni hakuna kilichotikisika, kwa sababu jitu lile lilikuwa limeamini, na mnyama anayeaminiwa hivyo hachinjwi. Ingekuwa sawa na kumkanusha. Mzee Telesphore alikuwa wa kwanza. "Na mimi maharage," akasema. "Kwa umri wangu, kuzunguka mlima sitaweza." Kisha mwingine. Kisha kitanda cha juu. Ikawa ni maharage, maharage, bweni zima, kwa sauti za watu wanaojitolea kwenda vitani.

Bosi Tewksbury alibaki amesimama kisu mkononi. Akakirudisha dirishani. "Binti," akasema, "nataka nimwone akitembea."

Wakatoka wote. Jua lilikuwa limepiga theluji mpaka macho yanauma. Orpha akamtoa Dorcas bandani, akiyumba na kugonga mlango kama kawaida, na watu wakatazamana. Akampandisha ubavuni mwa Kilima cha Cobb, kilima kikiwa kushoto, akaiachia kamba.

Dorcas akanyooka. Akaenda, mgongo sawa kama meza, doa lake jeupe limetangulia, hatua baada ya hatua, na pembe yake iliyopinda ikielekea mlimani kana kwamba kweli ilipindwa huko. Wanaume wale walikuwa wameshasimulia wanyama maisha yao yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

"Mama yangu," alisema Mzee Telesphore, na safari hii hakuwa anaongeza.

Bosi akavua glavu, akavaa tena. "Haya, mrudishe, anapata baridi."

"Nimrudishe vipi, Bosi?" aliuliza Orpha.

"Si umgeuze."

Prosper akashtuka kabisa. "Bosi, akigeuka atapinduka. Umesema wewe. Supu."

Na bosi, ambaye kwa miaka mingi alimlea mnyama huyu, akamlisha, akamtembeza kambi kwa kambi, alielewa kwamba hana njia. Akashuka akaiokota kamba.

"Leteni sepetu," akasema. "Mtangulie mkanyage theluji. Tunazunguka."

Wakazunguka. Kilima cha Cobb si kikubwa, ila kukizunguka kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, pamoja na vituo vyake vya kupumzika, ni shughuli. Wanaume kumi na zaidi walitangulia wakikanyaga njia kwa viatu vyao vya misumari, wakiimba nyimbo ambazo waliziacha nusu kila walipokumbuka kwamba Orpha yuko. Prosper alitembea upande wa chini, mabega tayari, endapo mnyama ataelemewa. Bosi ndiye aliyeshika kamba mwenyewe na hakumpa mtu. Upande wa pili wa kilima, ambako kambi haionekani, walimkuta sungura mweupe ameketi njiani kwao, na Mzee Telesphore akamwomba kwa heshima alale chini wapite.

Walitokea nyuma ya jiko jua likiwa bado juu ya misonobari, pua nyekundu, njaa imewashika mpaka kwenye nywele. Enos alikuwa ameweka maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, na asali ya utomvu wa mti juu yake. Wakakaa. Hakuna aliyesema neno. Lakini Orpha, akipita na birika la kahawa, aliona mabega yakitetemeka meza nzima, mtu akiinua kijiko anakutana na macho ya mwenzake anakishusha tena, na mjomba wake amesimama pembeni na mwiko, uso mkali, kidevu kinacheza.

Baadaye alikuwa nje akimwaga maji ya vyombo, bosi akaja akasimama karibu naye. Alitazama bandani.

"Binti, mimi sijashindwa mara nyingi."

"Hukushindwa, Bosi. Ile ya vipande viwili ilinimaliza kabisa."

"Ilikuwa nzuri, eh?" Alifurahi, akaificha. "Sasa nisikilize. Ni wako, nilishasema, na nikisema mara ya pili mbele ya watu wale wote sitaweza kulimeza tena neno langu. Lakini tuwe wakweli, mimi na wewe, hapa nje. Mwezi wa nne kambi inavunjwa. Kutoka hapa mpaka bondeni kwenu ni mwendo wa kutwa. Utamfikishaje?"

Orpha akakung'uta beseni. "Nimeshaipitia kichwani njia yote, tangu jana. Kutoka daraja la juu mpaka kanisani kwetu, mlima uko kushoto."

Bosi akafumba macho. Alionekana akiitembea: daraja, mashine ya mbao, ile kona ya mawe, mteremko mrefu wa kanisani. Akayafumbua.

"Njia nzima," akasema.

"Njia nzima."

"Na kurudi je?"

"Harudi," alisema Orpha, akaingia bandani kumkamua Dorcas maziwa ya jioni.